Kiti cha Bembea cha Brushy Fork

Kwetu huku milimani mtu akijenga nyumba anajenga na baraza, na akishajenga baraza anaweka kiti cha bembea. Hata mvivu anacho. Hata mchungaji wetu, ambaye hajawahi kuonekana amekaa, anacho. Nyumba moja tu barabara yetu nzima ndiyo iliyokuwa na baraza tupu, nayo ilikuwa ya shemeji yangu Verlin Absher. Na huyo Verlin ndiye aliyekuwa akivitengeneza viti vyenyewe, Jumatatu hadi Ijumaa, katika kiwanda cha Hadley. Sasa niambie kama hilo halimpandishi mtu hasira.

Mimi ni Doyle. Verlin amemuoa dada yangu Nedra, na mimi nilikuwa fundi mkuu wa gari lake la mashindano, fundi msaidizi, dereva wa lori, na mtu wa kulaumiwa mambo yakiharibika. Kwa hiyo haya ninayokusimulia sikuyasikia kwa watu.

Verlin alikuwa dereva wa mbio za magari, zile zetu za kuzunguka uwanja wa lami, magari yana sura ya magari ya dukani lakini ukifungua boneti unakutana na mnyama mwingine. Ila hakuwa dereva wa kudumu. Wale wa kudumu wanakimbia kila wiki, wana malori yenye picha zao na injini za akiba zimepangwa rafuni. Verlin alikimbia pale gari lilipokuwa zima, pale matajiri walipotuuzia matairi waliyokwisha kuyatumia, na pale kiwanda hakikumwita kazi ya Jumamosi. Yote matatu hayakukutana mara nyingi. Gari lilikaa gereji nyuma ya nyumba, na jioni baada ya kazi tulikuwa chini yake sisi wawili, tumelala chali, tunabishana.

Na aliendesha vizuri, nakuambia. Mimi si mtu wa kusifia, muulize mke wangu. Lakini nimewatazama madereva tangu sijaota ndevu, na sijamwona mwingine aliyeweza kuchukua injini iliyochoka na matairi ya mitumba akawasumbua watu wenye mali namna ile. Wa tatu, wa nne, mara kadhaa wa pili. Kushinda, hapana. Hakushinda hata mara moja.

Uwanja wa nyumbani kwetu ni Brushy Fork, na mshindi wa mbio za vuli pale hapewi kombe. Anapewa kiti cha bembea cha mwaloni kutoka Hadley. Kila mwaka kiti hicho kilipita mikononi mwa Verlin. Yeye ndiye aliyeyapinda kwa mvuke mapinde ya chini yanayokiyumbisha kiti, yeye ndiye aliyeisugua mikono ya kiti mpaka ikawa laini, halafu Jumapili ikifika anakuja mtu mwingine anakipakia na kwenda nacho kwake. Nimemwona Verlin kwa macho yangu akimwonyesha mtu aliyetoka kumshinda namna ya kukifunga kamba kisikwaruzike njiani.

"Si ununue kimoja tu," nilimwambia. "Wafanyakazi mnapunguziwa bei."

"Cha kununua ni cha kununua, shemeji."

Nikadhani dada yangu atamtia akili. Nedra alikuwa mbaya kuliko yeye. Jioni zote za kiangazi alikaa kwenye ngazi ya saruji, bakuli la maharage mapajani, na nyuma yake baraza tupu. Siku moja nikamletea kiti cha plastiki. Kesho yake nikakikuta kwenye banda la kuku, kuku amekikalia.

"Nitakalia cha Verlin au nitakalia ngazi," Nedra alisema. "Na kama umechoka kunitazama, kaka, kajitazame kwako."

Si kwamba viti havikufika pale. Hadley wana ahadi yao ya tangu enzi za babu: kiti chao kikianza kupiga kelele au kulegea, hata kama ni cha kurithi, unakirudisha kinatengenezwa bure, na anayekitengeneza ni yule yule aliyekiunda. Kiwandani mashine zinavuma kutwa, huwezi kusikia kiti kinalalamika wapi. Kwa hiyo Verlin alivileta nyumbani. Alivitia gereji kando ya gari, akazima redio, akaniambia ninyamaze, akakaa akabembea taratibu, kichwa amekiinamisha upande. Kiti kimoja kingeweza kumchukua mwezi. Hakukirudisha kwa mwenyewe mpaka masikio yake yameridhika. Lakini vilikaa gereji, havikupanda barazani hata kimoja.

"Hivyo ni vya watu," alisema.

Ngoja nikupe na hili, maana bila hili hutamwelewa. Mwaka mmoja pale Brushy Fork mbio ziliisha katika vurugu, magari yamegongana huku na kule, na wahesabuji wa raundi wakatangaza kwamba mshindi ni Verlin Absher. Nilirusha kofia yangu juu na sijaiona tena mpaka leo. Nedra analia, mimi namkumbatia mtu nisiyemjua, kiti kinaletwa. Verlin akashuka kwenye gari, akatazama lile bango la matokeo, akapanda ile ngazi ndefu ya chuma mpaka kwenye kibanda cha wahesabuji, na ovaroli yake ya mbio imelowa jasho. Akawaambia wamekosea. Alikuwa ameachwa raundi moja, na walipohesabu wakati wa bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo baada ya ajali, walimrudishia raundi ambayo hakuikimbia.

Walihesabu upya. Akawa wa sita. Mimi nilimtukana toka uwanjani mpaka mlangoni kwake, na yeye akanisikiliza njia nzima, kisha akanikaribisha chakula. Kwa miezi sikuweza kulitaja jambo lile bila mishipa kunitoka. Na bado, nikiwa peke yangu, nilijua kwamba mtu kama huyu sitamwona mwingine.

Basi. Umri ukaenda. Mgongo wake ukaanza kumsumbua, na daktari wa macho naye akawa na maneno. Kiangazi kimoja, tuko mezani, Verlin akapaka siagi mkate wake akasema, "Mbio za vuli za Brushy Fork ndizo za mwisho. Baada ya hapo nauza matairi." Nedra aliondoka mezani akaenda kufungua bomba la maji, akaliacha linamwagika tu. Wote tulijua anachokiwaza, maana ndicho tulichokiwaza sote: imebaki nafasi moja ya kile kiti.

Sijawahi kuandaa gari kama nilivyoandaa lile. Niliifungua injini mpaka boliti ya mwisho. Hata matairi tulinunua mapya, Verlin akipinga, mimi nikimwambia anyamaze.

Jumapili ile ilikuwa ya baridi nyepesi na jua kali. Watu wametoka kanisani moja kwa moja, wengine na tai shingoni, wanakula mikate midogo ya moto yenye nyama ya nguruwe ya chumvi. Nilikuwa nikikaza skrubu za mwisho pale kwenye sakafu ya dereva alipopita Travis Eudy na mafundi wake.

Travis alikuwa kijana mrefu, mwembamba, wa huko Concord, msimu wake wa tatu, na alikuwa akiongoza pointi za ubingwa. Gari ni la baba yake, Royce Eudy, mzee mwenye hela na heshima zake. Kijana hakuwa mbaya. Mdomo tu.

"Mzee Verlin," akasema, akichungulia dirishani mwa gari letu, "leo umekuja na meza nzima au mguu wake tu?"

Mafundi wake wakacheka. Walikuwa wanaulizia ubao. Ekzosi ya magari haya inapita chini ya miguu ya dereva, na bati la sakafu linapata moto wa kukaangia yai. Nimeona visigino vya madereva vilivyobabuka mpaka nyama nyekundu. Wenzetu wananunua kinga za kisasa za kuweka chini ya kisigino. Verlin alitumia kipande cha mwaloni, mabaki ya pinde la kiti, amekichonga kikamkaa, mimi nakifunga kwa skrubu nne. Walimcheka kwa ubao ule miaka na miaka.

"Na yako imeshikwa na nini, kijana?" Verlin akauliza.

"Gundi, mzee. Ya kisasa."

"Gundi inayeyuka."

"Na mbao inaungua."

"Inaungua polepole," Verlin akasema, akavaa glavu zake.

Mchungaji akaomba kwenye kipaza sauti, bendera ikashushwa, wakaondoka. Na mimi sasa sijui nikuelezeje. Kuna siku gari na mtu vinakubaliana. Verlin alianza katikati ya kundi, na kila nikitazama amempita mwingine. Hakulazimisha. Anaachia mafuta mapema kabla ya kona, gari linatulia, anakanyaga mapema kuliko wengine, na wakati wenzake bado wanapigana na usukani yeye ameshaondoka. Ilipobaki theluthi ya mwisho ya raundi alikuwa wa pili, na mbele yake ni Lamar Setzer peke yake, yule aliyekuwa akimfukuzia Travis kwenye ubingwa. Nedra amesimama juu ya lori letu, mikono kifuani. Verlin alikuwa anamla Setzer kidogo kidogo kila raundi. Kiti kilikuwa kimewekwa pale jukwaani, nilikuwa nakiona.

Mkanda wa pampu ya oili ukakatika. Mkanda mpya, maana nimeshaulizwa sana. Verlin aliona mshale wa oili unashuka, akazima injini mwenyewe kabla haijajiua, na gari likaja kwetu likiserereka bila sauti.

Akatoka kupitia dirishani. Akaning'iniza helmeti yake palepale, akakaa juu ya tairi. "Basi," akasema. Mimi nililipiga teke sanduku la spana, na kidole kile mpaka leo baridi ikija nakijua. Nedra alishuka akamletea chai yake baridi ya sukari, akasimama karibu naye, mkono begani. Ungeniuliza wakati ule ningekuambia habari ya kiti imekwisha.

Haikupita muda magari mawili yakagongana kona ya pili na kumwaga oili lami nzima. Bendera ya njano, wote mwendo wa polepole nyuma ya gari la kuongoza, na wafagiaji wakaingia na mchanga wao. Gari la Travis likaja eneo la mafundi likiyumba. Tukaona wanamvuta dirishani, watu watatu, na yeye anauma glavu. Ile kinga ya gundi ilikuwa imechomoka zamani, ikateleza chini ya kiti. Kijana ameendesha kisigino juu ya bati tupu. Kiatu kilipovuliwa kilitoka na ngozi, nami nikageuza uso.

Nikamwona Royce Eudy anatembea kuja upande wetu, kofia mkononi. Nikajua anachokitaka, na damu ikanipanda.

Sheria ya mbio zetu ni hii, na kila mtoto wa huku anaijua: anayeanza mbio na gari ndiye anayeandikwa. Dereva akiumia, mwingine anaruhusiwa kuingia kumalizia, lakini nafasi, pointi, jina na zawadi ni vya yule aliyeanza. Gari la Travis lilikuwa bado halijaachwa hata raundi moja. Na mbio hizi ndizo za kufunga msimu: likimaliza ndani ya kumi bora, ubingwa ni wake. Likibaki pale limeegeshwa, ubingwa ni wa Setzer.

"Verlin," Royce akasema.

"Royce."

"Nina gari halina dereva."

"Naona."

"Sina haki ya kukuomba. Leo hasa, sina."

"Kweli huna," nikasema mimi. "Akishinda ni Travis ameshinda, akigonga ukuta ni Verlin amegonga. Kamtafute mwingine, bwana. Wamejaa."

Verlin hakunitazama. "Setzer yuko wapi?" akauliza.

"Anaongoza."

Verlin akamgeukia mkewe. Wamekaa miaka mingi wale wawili, wana lugha yao. Dada yangu alikuwa na kila sababu ya kusema twende nyumbani. Alitazama lile gari la watu, akatazama jukwaani kilipo kiti, kisha akasema, "Soksi zako za sufu ziko kwenye lori. Vaa mbili mbili."

Nikachukua bisibisi nikaingia kwenye gari letu lililokufa, nikafungua skrubu za ule ubao huku natukana kila mtu niliyemkumbuka. Nikaufunga kwenye gari la Travis, bati linanichoma vidole. Mafundi wa Royce walinitazama bila kucheka. Kiti cha dereva kilikuwa kimekatwa kwa kiuno cha Travis, na Verlin ni mtu mfupi mpana, mla vizuri. Walimsukuma watu watatu. Mmoja akamtilia mataulo mgongoni ili afikie pedeli.

"Redioni namtaka Doyle," Verlin akasema. "Simjui mwingine wa kunitukana."

Akarudi uwanjani wa mwisho kabisa kwenye mstari. Bendera ya kijani ikapepea.

Nikuambie ukweli. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikisema, laiti huyu mtu angepewa gari la watu wenye hela, hata siku moja tu. Ikawa ndiyo siku hiyo. Lile gari lilikuwa likiitika kabla hajaliomba. Aliwapita wa nyuma kama anawaamkia. Alipita ndani, alipita nje, na hakumgusa mtu hata rangi. Wa kumi na mbili, wa tisa, wa saba. Travis amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu kwenye barafu, na nilimwona amesahau kulalamika. Anatazama mdomo wazi.

"Tayari tuko ndani ya kumi," Royce akaniambia. "Mwambie inatosha."

Nikabonyeza redio. "Shemeji, inatosha, wanasema."

"Nimesikia," Verlin akasema, akampita wa sita.

Alipokuwa wa tatu Royce alikuwa amenishika mkono. "Doyle, tafadhali. Nina ubingwa mkononi. Akigonga sasa nimepoteza kila kitu. Mwambie atulie."

Alikuwa na haki, na gari ni lake. Nikabonyeza. "Shemeji, Royce anasema tulia."

Injini ikanguruma redioni. Kisha, "Na wewe unasemaje?"

Nikamtazama Nedra juu ya lori. Nikampa Royce mgongo. "Mimi nasema Setzer anateleza kona ya tatu. Matairi yake ya kulia yamekwisha."

"Nimemwona," Verlin akasema.

Zilikuwa zimebaki raundi chache sana. Alimfuata Setzer bila kumsumbua, raundi moja, raundi ya pili, kama mtu anayesikiliza kiti. Kisha kona ya tatu Setzer akateleza juu kidogo, upana wa mlango tu, na Verlin alikuwa ameshaingia hapo. Wakatoka kona ya nne bega kwa bega. Uwanja mzima umesimama, wazee na tai zao. Verlin akavuka mstari mbele.

Nililia. Siyo machozi ya pembeni ya jicho. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, na Royce Eudy akaniazima kitambaa.

Kipaza sauti kikatangaza: mshindi wa mbio za vuli za Brushy Fork, na bingwa wa msimu, ni Travis Eudy. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, na hivyo ndivyo vitabu vyote vimeandika. Ukienda kutafuta leo, Verlin Absher utamkuta siku ile ameandikwa wa ishirini na kitu, pampu ya oili.

Ilibidi wamvute Verlin kutoka kile kiti chembamba, na taulo moja likabaki limemganda mgongoni. Ubao ulikuwa unafuka moshi. Ulikuwa mweusi upande wa chini, na upande wa juu mzima kabisa, umechapwa alama ya kisigino kizima. Travis alichechemea mpaka kwenye jukwaa, watu wamemshika kwapani. Hakupanda. Alisimama mbele ya Verlin.

"Mzee, kiti ni chako."

"Nani alianza mbio na gari hili?"

"Mimi. Lakini mzee, kila mtu ameona..."

"Basi ni chako."

"Sikitaki."

"Hilo ni kati yako na kiti chako," Verlin akasema, bila ukali. Kisha akakiinamia kile kiti alichokiunda mwenyewe, akapitisha kidole kwenye viungio, akachukua kamba kwa fundi wa Royce. Akawaonyesha namna ya kukifunga kisikwaruzike njiani.

Kwenye lori sikuweza kuvumilia. "Ubingwa walishaupata. Kiti si chako, jina si lako. Kwa nini basi ulimpita Setzer?"

Verlin alifikiri sana, maana yeye swali hujibu. "Alikuwa mbele yangu," akasema.

Nedra akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea bega la mumewe, na huko kwenye bega sijui kama bado kilikuwa kicheko. Tulipofika alishuka, akakaa kwenye ngazi yake, akavua viatu.

Verlin aliuza matairi kama alivyosema. Gari akalifunika turubai. Baridi ikapita. Mimi nilikuwa naenda pale jioni kwa mazoea, nakaa gereji, sina cha kubishia.

Masika, Jumamosi moja, nikiwa pale, likaingia lori jipya. Akashuka Travis Eudy, amepona, anatembea sawasawa. Nyuma ya lori kuna kitu kimefungwa blanketi, na kamba imefungwa kwa namna niliyoijua. Nedra alikuwa kwenye ngazi na maharage yake. Verlin akatoka gereji anafuta mikono.

"Mzee, nimekuja na malalamiko," Travis akasema. "Hiki kiti chenu kinapiga kelele."

Sijamwona Verlin amekunja uso vile hata alipoharibikiwa na gari. "Hakiwezi."

"Kinapiga. Mama anashindwa kulala mchana. Baba akasema, si kuna ahadi ya kiwanda? Kirudishwe kwa aliyekiunda."

Kwa hilo Verlin hakuwa na pa kutokea. Kiti cha kupewa angekikataa mpaka kiama, lakini cha kutengenezwa hawezi, ni kazi yake. Akakishusha mwenyewe, akakiingiza gereji, akazima redio, akaniambia ninyamaze ingawa sikuwa nimesema kitu. Akakaa. Akabembea, kichwa upande.

"Sisikii kitu," akasema.

"Haiwezi kusikika hapa, mzee." Travis alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapa sakafu ni saruji. Kwetu kinapiga kelele barazani. Kwenye mbao."

Hapo nikaelewa, na nikamshukuru Mungu kwamba kwa mara moja maishani sikufungua mdomo. Verlin alikaa pale muda mrefu, mikono yake juu ya mikono ya kiti. Hakuwa mjinga shemeji yangu. Alimtazama kijana, akatazama mguu wake uliopona, akatazama nje kule ilipo ngazi.

"Sakafu ya mbao ni jambo jingine," akasema polepole.

Akakibeba. Akapita nacho kando ya mkewe, akapanda, akakiweka barazani, palepale ambapo kiti kingekuwa siku zote kama kingekuwapo.

"Nedra," akasema, "wewe una masikio mazuri kunishinda. Hebu kisikilize."

Dada yangu akaweka bakuli chini. Akapanda ngazi zile, akajipangusa gauni nyuma kwa viganja viwili, akakaa. Akabembea, mbele na nyuma. Sisi wanaume watatu tumesimama kwenye nyasi kama tuko kanisani. Nakuapia kwa Biblia yoyote utakayoileta, kile kiti kilikuwa kimya kabisa.

"Hapa," Nedra akasema, macho amefumba. "Umesikia?"

Nikamtazama Verlin, yule aliyepanda ngazi ya chuma kwenda kurudisha ushindi kwa ajili ya raundi moja. Akainamisha kichwa upande. Akasikiliza, akasikiliza.

"Nimesikia," akasema. "Itachukua muda."

"Sina haraka, mzee," Travis akasema, akapanda lori lake.

Mpaka leo, kila vuli, Travis anapiga simu kuuliza kama kiti chake kiko tayari. Verlin anatoka na simu mpaka mlangoni, anaielekeza barazani Nedra anapobembea, anasubiri kidogo, kisha anamwambia bado.